Kupiga picha za nje kama kazi: vitu ambavyo wengi tunavijua tukiwa tayari ndani

Naandika hii kwa ajili ya wale ambao tayari wanapiga picha za nje, iwe mandhari, ndege, wanyamapori au wapanda milima, na sasa wazo la kuishi kwa hiyo kazi limeshawakaa kichwani. Swali ninaloulizwa kila siku ni ninunue kamera gani. Mkataba wa picha unasomwaje, hilo sijawahi kuulizwa, na huko ndiko nilikowaona watu wenye kipaji kuliko mimi wakikwama mpaka wakaiacha kazi. Picha walikuwa wanazipiga vizuri tu, shida ilikuwa hawajui wanauza nini.

Mi nilianza kama wengi, wikiendi na likizo, nina ajira yangu na mshahara wangu, picha ni starehe. Halafu watu wanaanza kukusifia, hizi zinafaa jarida kabisa, nawe unaanza kuiwaza barua ya kuacha kazi. Nashukuru sikuiandika haraka. Kuna kaka mmoja mkongwe kwenye hii kazi, nitamtaja tena huko mbele, alinikalisha chini akaniambia mdogo wangu usiondoke kwa sababu umepata mwezi mmoja mzuri, ondoka pale ambapo hata miezi mibaya, kwa mfululizo, hela ya picha inaweza kulipa kodi ya nyumba na kula yako. Nilimwona anakatisha tamaa. Baadae nikaja kuelewa alikuwa ananiokoa.

Manake watu tunawatazama wakubwa wa hii fani tunadhani walikula kwa picha za milima tu. Ansel Adams, ambaye kila anayepiga mandhari amewahi kuona kazi yake, kwa miaka mingi sana aliishi kwa kazi za biashara, kupigia makampuni na matangazo, ile milima ya Yosemite kule Marekani ilikuwa inabebwa na kazi ambazo hakuna anayezikumbuka leo. Galen Rowell, mpiga picha wa milima wa Marekani, alikuwa na biashara ndogo ya magari, akaiuza mwaka 1972 ndo akaingia kwenye picha moja kwa moja, na wakati huo alikuwa ameshakaa miaka anapanda miamba na kamera. Sebastião Salgado, mpiga picha maarufu wa Brazil, alisomea uchumi na kuufanyia kazi kabla ya kuhamia kwenye picha mwaka 1973. Sisemi haya kukukatisha tamaa, nasema ukijiona bado unafanya kazi nyingine pembeni usijione umeshindwa, hiyo ndo njia ya kawaida.

Kilichonitesa kuliko vyote mwanzoni ni jinsi hela inavyochelewa. Umetoka porini, umechoka, umerudi na picha nzuri, umezichagua na kuziediti usiku kucha, umemtumia mhariri, kazipenda. Sasa majarida mengi yanalipa baada ya kuchapa, na picha ya msimu wa mvua inaweza ikahifadhiwa mpaka msimu wa mvua unaofuata, halafu invoisi nayo ina siku zake 30, wengine 60, wengine 90, na wapo wanaosubiri uwakumbushe. Gharama zako wewe umeshazilipa zote, mafuta, malazi, vibali, betri, kila kitu. Kuna kipindi nilikuwa nadai hela ambayo ingenitosha kabisa, na mfukoni sina kitu, nikawa naona aibu hata kupokea simu za nyumbani kwa sababu najua nitaulizwa kazi inaendaje. Kisaikolojia ni pagumu hapo, unaanza kujiuliza kama picha zako ni mbaya wakati tatizo ni kalenda ya malipo tu. Kwa hiyo weka akiba ukijua kwamba kati ya kubonyeza shata na kupokea hela unaweza kupita mwaka mzima, na kwa kazi za kuagizwa omba advansi kabla hujatoka, angalau igharamie safari. Mteja anayekataa kabisa kutoa hata gharama za safari ameshakuonesha atakavyokuwa wakati wa kumalizia malipo.

Vifaa navyo. Nitasema kidogo tu kwa sababu mitandaoni yameshaandikwa mengi. Pesa weka kwenye lenzi na tripodi (ile stendi ya miguu mitatu) kabla ya bodi mpya, yaani kamera yenyewe bila lenzi, bodi zinapitwa haraka, lenzi nzuri inakaa nawe miaka mingi. Zile lenzi kubwa za milimita 500 au 600 za kupigia wanyama, kodisha kwanza, ununue pale ambapo kazi zenyewe zimeshaanza kuilipia. Bima ya vifaa usiiache. Na chukua kamera yenye nafasi mbili za memori kadi, iandike kwenye zote mbili kwa wakati mmoja.

Hesabu moja ya megapikseli tu inatosha, hii ilinisaidia kuacha kukata picha hovyo. Kamera ya megapikseli 24, yaani pikseli (nukta za picha) milioni 24, inatoa picha ya pikseli 6000 kwa 4000. Ukiikata ukabakisha nusu ya upana na nusu ya urefu hujabaki na 12, umebaki na 6, yaani 3000 kwa 2000. Kwa uchapaji mzuri wa pikseli 300 kwa inchi hiyo inakupa kama sentimita 25 kwa 17. Kwenye simu inaonekana safi sana, ila mteja akitaka karatasi ya A3 nzima unahitaji kama 4960 kwa 3508, haifiki. Ndo maana wenzetu wanasogea au wanasubiri mnyama asogee, kuliko kupiga kwa mbali na kukata nyumbani.

Sasa mwanga. Wote tunajua asubuhi na jioni ndo kwenyewe, ila hatuambiwi kwamba muda wenyewe unategemea uko wapi duniani. Karibu na ikweta jua linapanda karibu wima, kwa kama digrii 15 kwa saa, kwa hiyo kutoka linapochomoza mpaka linapofika digrii 6 juu ya upeo wa macho ni kama dakika 25 hivi na ule mwanga wa dhahabu umeshakwisha. Kadiri unavyoenda kaskazini au kusini jua linapanda kwa mshazari na mwanga unakaa zaidi. Maana yake ukiwa ikweta ukifika eneo jua linachomoza umeshachelewa, unatakiwa uwe umeshafika giza likiwepo, tripodi imesimama, fremu umeshaichagua jana yake. Zipo programu za simu zinazokuonesha jua na mwezi vitachomozea upande gani tarehe yoyote unayotaka, zitumie kupanga safari, zinaokoa hela nyingi kuliko kifaa chochote.

Kitu ambacho kilibadilisha kazi yangu kabisa ni kuacha kuhangaika na sehemu maarufu. Nilikuwa nataka milima ile inayojulikana, maporomoko yaleyale, na nikifika nakuta tripodi zimepangwa mstari, kila mtu anapiga ileile. Mhariri anazo tayari hizo picha, tena nzuri kuliko yangu. Nikaamua kuchukua kona moja tu ya mto, isiyo na jina lolote, niwe narudi hapohapo misimu yote. Alikuwepo mdiria mmoja anayekaa kwenye tawi kavu lililoinama juu ya maji. Mwanzoni nilipiga picha za kawaida, ndege kakaa kwenye tawi, rangi safi, nyuma pamefifia vizuri. Kila mtu anayo hiyo. Ila ukikaa naye muda mrefu unaanza kumjua, kabla hajapiga mbizi anainamisha kichwa mara mbili tatu kama anapima, halafu anashuka. Akirudi na samaki hamezi hapohapo, anamshika mkiani na kumpigiza kwenye tawi, kushoto kulia, mpaka magamba yanaruka na samaki ameacha kujipindapinda, ndo anamgeuza anammeza kichwa kikitangulia ili mapezi yasimkwaruze koo. Mimi nilishazoea, nikawa najua atapigizia upande gani, nimesogea mahali ambapo jua linapita nyuma ya yale magamba yanayoruka, shata kwenye 1/3200 ya sekunde, fokasi nimeshaiweka kwenye tawi lenyewe. Zile picha za kupigiza samaki ndo zilizonunuliwa, mfululizo mzima, ile ya ndege mzuri kakaa kwenye tawi mpaka leo ipo tu kwenye diski. Wahariri wanachotafuta ni tabia, kitu kinachotokea, na tabia huipati kwa kupita siku moja.

Mhariri aliyezinunua picha hizo aliponipigia, swali lake la kwanza halikuwa bei. Aliuliza ni aina gani hasa ya mdiria, dume au jike, ni mto gani, mwezi gani, na samaki ni wa aina gani. Kwa bahati nilikuwa nimeandika. Hapo ndo nilipoelewa kwamba maelezo ya picha ni sehemu ya bidhaa. Hata Ansel Adams alikwama hapa, ile picha yake maarufu ya mwezi juu ya kijiji cha Hernandez kule New Mexico hakuiandikia tarehe, miaka mingi ikawa inatajwa kwa miaka tofauti tofauti, mpaka wataalamu wa anga wakapiga hesabu kwa kutumia mahali mwezi ulipokaa kwenye picha ndo ikapatikana 1 Novemba 1941. Wewe hautapata mtu wa kukupigia hesabu hizo. Ukirudi tu, siku hiyohiyo, jaza ndani ya faili jina la kitu, mahali, tarehe, kilichokuwa kinatokea, jina lako na mawasiliano ya kazi. Jina la spishi kama huna uhakika muulize anayejua kabla haujatuma, mhariri akishachapa jina la ndege lisilo lake hatakurudia.

Sasa tuje kwenye mkataba, hapa nitakaa kidogo.

Kampuni moja ilitaka picha zangu kwa ajili ya kalenda. Ofa ilikuwa nzuri kwa macho yangu ya wakati ule, nikachapisha mkataba, kalamu mkononi. Nikampelekea yule kaka anisaidie kusoma, zaidi nilitaka anipongeze. Akasoma kimya, akafika ukurasa wa pili, akaweka kidole kwenye mstari mmoja na hakukitoa. Umeandikwa haki zote, kwa matumizi yote, duniani kote, bila kikomo cha muda. Nikamwambia kaka si ndo maandishi ya kawaida ya mikataba hayo? Akaniambia, "Mdogo wangu, huyu amekuja kupanga chumba, wewe unamwandikia hati ya nyumba."

Alinieleza kitu ambacho ningependa kila mpiga picha akijue kabla ya kujua histogramu, ile grafu ya mwanga kwenye kamera. Ukipiga picha, hakimiliki inakuwa yako pale pale, kwa nchi nyingi duniani hautakiwi kuisajili popote ili iwe yako, msingi wake ni Mkataba wa Berne wa mwaka 1886. Isipokuwa kama umeajiriwa kupiga au umesaini kuitoa. Kwa hiyo unachomuuzia mteja kwa kawaida ni ruhusa ya kutumia, na ruhusa ina mipaka: atumie kwa ajili ya nini, kwa muda gani, katika nchi zipi, na kama ni yeye peke yake au wengine nao wanaweza. Kila mpaka ukitanuka bei inapanda. Ukitoa yote kwa mkupuo umeuza picha na kila mtoto itakayemzaa.

Niliwaandikia kwa adabu, nikasema nafurahi kufanya nao kazi, naomba tubadilishe kipengele hicho kiwe kalenda tu, mwaka mmoja, nchi moja, na nibaki na haki ya kuwapa wengine kwa matumizi mengine. Nilikuwa natetemeka, niliamini watakimbia. Wakajibu sawa, bei wakapunguza kidogo. Moja ya picha zilezile ikaja kutumika kwenye kitabu cha shule, baadae ripoti ya shirika, baadae ukuta wa ofisi, na kila mara nalipwa. Wateja wengi wanaweka haki zote kwa sababu fomu yao ndo ilivyo, hawana hata haja nazo, na ukiuliza wanabadilisha. Wasipobadilisha, basi bei ya haki zote iwe bei ya haki zote kweli, usitoe kwa bei ya kalenda.

Na picha yenye mtu anayetambulika sura, ikienda kwenye tangazo unahitaji idhini yake ya maandishi, mwongozaji wako wa milimani akiwemo, na ni rahisi kumpa fomu asaini mkiwa pamoja kuliko kumtafuta miaka miwili baadae. Kwa habari na elimu masharti huwa mepesi zaidi lakini sheria za nchi uliyopo zisome. Hifadhi nyingi zinadai kibali tofauti kwa anayepiga kibiashara, na droni ndo kabisa ulizia mapema, Marekani kwa mfano hifadhi za taifa zimezizuia tangu 2014. Mteja mkubwa atakuomba vibali hivyo kabla hajalipa.

Halafu kuna wale wa tupe picha bure tutakutaja jina. Mi huwa natoa bure, ila kwa watu niliowachagua mwenyewe, kama wanaolinda eneo ninalopigia, tena kwa maandishi yenye mipaka ileile ya matumizi na muda. Kampuni inayolipa mbunifu, inalipa mchapaji, inalipa tangazo, halafu bajeti inaishia kwa mpiga picha tu, hiyo hapana.

Kuna jambo la uaminifu nalo silipiti. Presha ya kupata picha ya ajabu ni kubwa, hasa ukiangalia laiki za wenzako, na watu wanaanza kuweka chambo, kusogelea viota, kurusha mawe ndege waruke, kukodi wanyama waliofugwa na kusema ni wa porini. Mwaka 2010 waandaaji wa Wildlife Photographer of the Year, mashindano makubwa ya picha za wanyamapori, walimnyang'anya tuzo mshindi wa 2009 aliyekuwa na picha ya mbwa mwitu (wolf) akiruka geti usiku, baada ya majaji kuona uwezekano mkubwa ni kwamba mnyama alikuwa amefundishwa, mpiga picha alikanusha lakini tuzo ikaondoka. Mi nimeona kiota kikiachwa kwa sababu watu walikata matawi ili lenzi ione vizuri, makinda yalikufa kwa jua. Hakuna mhariri aliyewahi kunilaumu kwa picha ambayo sikuipata kwa kumwacha mnyama atulie. Na kama mnyama alikuwa wa kufugwa, au umeunganisha fremu mbili, andika kwenye maelezo.

Mafaili. Nilikuwa na nakala mbili za kila kitu, kwenye diski mbili, nikajiona nimejipanga, ila diski zote mbili zilikuwa kwenye begi moja, na begi likaingia mtoni tukivuka. Safari nzima ikapotea. Sikuweza kugusa kamera kwa muda, nasema ukweli, nilikaa tu. Kanuni inayofuatwa na wengi ni nakala tatu, kwenye aina mbili za vifaa vya kuhifadhia, na moja iwe mahali pengine kabisa, na safarini hiyo ya tatu inaweza kuwa memori kadi zenyewe ambazo hauzifuti mpaka urudi nyumbani, zikae mwilini mwako, sio kwenye begi.

Vitu vingine vidogo vya porini nitavitaja kwa haraka. Kwenye baridi kali betri zinaisha upesi, zitembeze mfuko wa ndani karibu na mwili. Ukitoka kwenye baridi kuingia ndani penye joto, ifunge kamera kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha hewa mpaka ipate joto, la sivyo mvuke unatanda ndani ya lenzi. Baharini suuza miguu ya tripodi kwa maji baridi yasiyo na chumvi siku hiyohiyo. Vumbi kwenye sensa, ile sehemu ya ndani ya kamera inayopokea mwanga, litaonekana kwenye anga la picha ukiwa kwenye f/16, yaani tundu la lenzi likiwa dogo, kwa hiyo usibadilishe lenzi upepo ukivuma. Na mwambie mtu unakoenda na saa ya kurudi, kila safari, hata ile ya karibu.

Siku hizi meseji inapoingia, habari tumependa picha yako ni bei gani, sijibu kwa namba. Nashukuru, halafu nauliza mtaitumia wapi, kwa muda gani, nchi gani, itachapwa ukubwa gani na nakala ngapi, mnataka iwe yenu peke yenu au la, na nani atakayesaini. Asiyekuwa na nia huwa anapotelea hapo. Anayejibu, namwandalia ofa ya ukurasa mmoja yenye majibu yake yote, tarehe ya malipo imeandikwa, na faili kubwa anapata akishasaini na kulipa advansi, kabla ya hapo anaona ndogo yenye jina langu.